Historia Haikuandikwa kwa Sahani

Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mwingereza, Mortimer Wheeler, alipita pwani ya Tanganyika hadi visiwa vya Kilwa, kisha akatoa kauli ambayo imerudiwa mpaka imechoka: kwamba tangu karne ya 10 historia iliyofukiwa ya nchi hii imeandikwa kwa kauri ya Kichina. Alikuwa ameona vigae vingi mno, vya kuzolewa kwa koleo. Kauli ni tamu. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wanaipenda, waongoza watalii wanaipenda zaidi, na mimi kila nikiisikia nauliza swali lilelile: aliyemiliki hiyo sahani alikula nini?

Sahani hailiwi. Ilikuja kwa jahazi, ikawekwa mahali pa kuonekana, na nyingine zikapachikwa kwenye kuta za makaburi na misikiti, ambako baadhi ya mashimo yake yapo mpaka leo. Ilikuwa kitu cha kujionyesha, na kazi hiyo iliifanya vizuri kuliko mwenyewe alivyotarajia, maana karne kadhaa baadaye ikamwonyesha Wheeler kile alichokuwa tayari kukiona. Lakini mji hauishi kwa maonyesho. Mji unaamka, unawasha moto, unapika. Na mtu yeyote aliyewahi kupika kwenye mafiga anajua kwamba kila siku kuna kitu kinachoponyoka kikaangukia motoni.

Kazi niliyosomea ndiyo hiyo: kutafuta kilichoponyoka. Ina jina refu darasani, lakini mikononi ni kuosha udongo na kuchambua makaa. Ukitaka kuielewa usianzie maktaba, anzia kwa mchoma mkaa. Yeye hupanga magogo, akayafunika kwa majani na udongo, akaacha upenyo mdogo wa hewa. Akikosea, hewa ikaingia nyingi, atakuta majivu. Akipatia, gogo linaungua bila kuteketea na linabaki na umbo lake, hata mistari ya ndani ya mti unaiona. Punje ya nafaka nayo ni hivyo hivyo. Ikiangukia kwenye mwali ulio wazi inateketea. Ikizama kwenye majivu ya moto, pembeni ya figa, ikakosa hewa, inageuka mkaa mdogo wenye umbo la punje. Mbichi ingeoza katika udongo wetu huu wenye unyevu na mchwa kabla ya masika mawili kupita. Iliyoungua hakuna mdudu anayeitaka. Inaweza kukaa miaka 1,000 ikisubiri mtu mwenye ndoo.

Nasema ndoo kwa makusudi, kwa sababu kuna watu wanaodhani sayansi hii inahitaji maabara ya kutisha. Unachukua udongo kutoka mahali palipokuwa jiko, shimo la taka au sakafu ya nyumba, unaupima kwa lita, unaumwaga kwenye maji, unakoroga taratibu. Mawe na vigae vinazama. Makaa yanaelea. Unayamimina juu ya kitambaa chenye matundu ya robo milimita hivi, unaning'iniza kitambaa kivulini kikauke. Basi. Aliyewahi kuosha mchele akamwaga maji pamoja na pumba ameshafanya nusu ya kazi hiyo bila kulipwa posho.

Sasa fikiria ni udongo kiasi gani wa pwani yetu uliotupwa bila kupita kwenye maji. James Kirkman alianza kuchimba Gedi mwaka 1948. Neville Chittick alichimba Kilwa kwa miaka mingi, akachapisha kitabu chake kikubwa mwaka 1974. Siwalaumu sana wao. Njia ya kuelesha mbegu ilianza kuenea duniani baada ya makala ya Mmarekani Stuart Struever ya mwaka 1968, na walichimba kama watu wa zama zao. Lakini tazama walichokipata na walichokihitimisha. Walipata vitu vilivyoonekana kwa macho na kung'aa: kauri, vioo, shanga, sarafu, misikiti ya mawe. Wakahitimisha kwamba miji hii ilianzishwa na wageni kutoka ng'ambo ya bahari. Ukichimba kwa chekecheo linalobakiza bidhaa za kigeni tu, utapata mji wa kigeni. Wa kulaumiwa ni waliokuja baadaye, ambao ndoo walikuwa nazo na maji walikuwa nayo, na bado wakaona ni usumbufu.

Wengine watakimbilia maandishi. Watasema tuna Ibn Battuta, aliyepita pwani hii mwaka 1331, akasimulia alivyokirimiwa Mogadishu kwa wali uliopikwa kwa samli, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Ni kweli, na nashukuru alikuwa mlafi wa kutosha kukumbuka. Ila Ibn Battuta alikuwa mgeni wa heshima, na sote tunajua mgeni wa heshima anapikiwa nini katika nyumba ya Mswahili. Siku hiyo kuku anachinjwa na mchele mzuri unatolewa. Je, jirani wa ukuta wa pili alikula nini jioni ile? Mwandishi hakuitwa huko. Jalala lilikuwepo.

Lakini kupata punje iliyoungua ni nusu ya safari, tena nusu iliyo rahisi. Ngumu ni kuitambua. Wasomaji wengi wanadhani hapo ndipo mashine inapoingia. Haiingii mashine yoyote. Inaingia hadubini ya kawaida inayokuza mara 10 mpaka 40, koleo ndogo, taa, na mtu aliyekaa mpaka shingo ikakakamaa. Na anachokifanya mtu huyo ni kitu kimoja tu: analinganisha. Anaiweka punje ya kale pembeni ya punje ya leo ambayo jina lake linajulikana na ambayo imechomwa makusudi, kisha anauliza kama hawa ni ndugu.

Imechomwa makusudi, kwa sababu moto unabadilisha sura. Mtama ukiungua unavimba, ngozi inapasuka, wakati mwingine unafumuka kama bisi. Ndani ya uharibifu huo unatafuta dalili zinazobaki: punje ya duara iliyonenepa, kiini kilichoacha shimo pana upande mmoja, kovu upande wa pili mahali punje iliposhikana na suke. Uwele ni mwembamba chini na mpana juu, kama rungu dogo, na shimo la kiini chake ni refu. Ulezi ni kipunje cha milimita moja au moja na nusu, cha mviringo, chenye ngozi ya chengachenga. Na una ndugu yake wa porini, gugu linaloota kandokando ya kila barabara ya vumbi unayoijua, mwenye mbegu ndefu kidogo na mistari. Mpunga una mbavu za urefu na pembe iliyonyofoka kwenye kona ya chini, pale kiini kilipokuwa. Kunde huachana vipande viwili, ngozi ikatoka na kovu lake likapotea, na kwa hali hiyo kunde ndogo na choroko zinaanza kufanana. Hapo tulia. Kunde ni ya Afrika. Choroko ilitoka India. Ukikosea kati ya hizo mbili, umeleta pwani jahazi zima ambalo halikuwahi kung'oa nanga.

Kwa hiyo nasema: mwenye mbegu za kulinganishia ndiye anayeamua mababu zetu walikula nini. Huwezi kutambua usichokuwa nacho. Kama kwenye kabati lako kuna ngano ya kila namna, shayiri, dengu na zabibu, na huna mgagani, huna mnavu, huna mlenda wa porini, huna mbegu za magugu yanayoota katika shamba la uwele la Dodoma, basi kila punje ya mgagani itakayopita chini ya macho yako itaingia katika safu ya mwisho ya jedwali. Safu hiyo nimeiona katika ripoti nyingi. Imeandikwa kwa Kilatini kilichofupishwa ili isitie aibu, lakini maana yake ni moja: haijulikani. Haijulikani na nani? Kuna wanawake katika kila kijiji cha nchi hii wanaoijua. Hawakuulizwa.

Na lugha nazo zimechangia. Kiingereza kina neno moja la uvivu, "millet", ambalo kinalibandika juu ya uwele, juu ya ulezi na juu ya nafaka nyingine za Asia ambazo hazina undugu wa karibu na hizo. Wasafiri wa karne ya 19 waliandika neno hilo hata pale walipokula mtama. Sisi tuna majina matatu kwa sababu tuna mazao matatu, yenye mvua tofauti, udongo tofauti, mapishi tofauti na pombe tofauti. Msomi anayekusanya habari za kilimo cha pwani kutoka katika vitabu hivyo anakusanya ukungu. Punje moja iliyotambuliwa sawasawa ni ushahidi mzito kuliko kurasa hizo zote.

Nilifanya msimu mmoja katika uchimbaji ambao sitautaja, mahali fulani visiwani. Sinia za makaa zilikuwa zimeanikwa kwenye baraza, na mimi nilikuwa na hadubini mezani. Mama aliyekuwa akitupikia akapita na sufuria.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Makaa yana nini hayo, mbona mwayakodolea macho siku nzima?"

Nikamwomba aangalie. Akaweka sufuria chini, akafuta mkono kwenye kanga, akainama. Alikaa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Mpunga huu," alisema. "Na haukutwangwa. Kumvi zake si hizi?"

Nikamuuliza kwa nini mpunga ambao haujatwangwa uwe karibu na jiko. Akanitazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yana umajimaji. Akasema mpunga hukaa na kumvi zake ndani ya nyumba, kwa sababu ukiutwanga wote siku moja fukusi wanaumaliza. Unatwanga wa leo, asubuhi, karibu na unapopikia. Kumvi unatupia motoni zikusaidie kuwashia, pumba unampa kuku. Kwa hiyo kumvi zilizoungua pale zilikuwa zikisema kitu kuhusu mikono ya wanawake, saa za asubuhi, ghala lilikuwa wapi na nani alikuwa akilisimamia. Katika ripoti zikaingia kama maganda, kwa gramu. Mama yule hakutajwa, wala alichosema hakikutajwa. Mimi nilikiandika kwenye daftari langu.

Asije mtu akaniambia hayo ni maneno ya jikoni yasiyohusu sayansi. Njia nzima ya kufasiri mbegu zilizoungua imejengwa juu ya maneno ya jikoni. Katika miaka ya 1970 Gordon Hillman, mtu ambaye kila mwanafunzi wa fani hii analazimika kumsoma, alikaa na wakulima wa vijijini Uturuki akiwatazama wakipura, wakipeta na kuchekecha ngano, akirekodi kila hatua inaacha taka gani. Kutokana na mavuno yale ya kijijini akatuachia kanuni za kutofautisha taka ya kupura na taka ya kupika. Tofauti ni kwamba aliwauliza. Kanuni za ngano ya Uturuki tunazibeba mpaka kwenye kinu cha mpunga na ungo wa uwele, halafu aliyeshika ungo anaambiwa atuletee chai.

Pale ambapo punje zimetendewa haki, tazama zilivyofanya. Kisiwani Pemba kuna Tumbe, kijiji cha karne ya 7 hadi ya 10, na karibu yake Chwaka, mji wa karne ya 11 hadi ya 15. Sarah Walshaw alichambua mbegu zilizoungua za sehemu hizo, akachapisha mwaka 2010. Tumbe walikula uwele zaidi. Chwaka, karne zilivyosogea, mpunga ukapanda mpaka ukatawala. Watu wa sehemu moja walibadilisha chakula chao cha kila siku, na mabadiliko hayo yalikwenda pamoja na mji kukua, misikiti kujengwa na karamu kuwa jambo la heshima. Mpunga si zao la kulala. Unataka maji, unataka kuamiwa ndege, unataka mikono mingi. Familia nyingi zilikubali kazi hiyo. Kwa nini? Huo ni mjadala wa kweli kuhusu dini, hadhi na kazi za wanawake, na hakuna hata kigae kimoja cha China ambacho kingeweza kuuanzisha. Kumbuka pia kilichokuwa mwanzo: uwele, zao lililolimwa kwanza Afrika Magharibi, ambalo mabaki yake katika bonde la Tilemsi nchini Mali yana miaka kama 4,500. Waliowasha moto wa kwanza Tumbe walikuwa wakulima wenye mazao ya bara hili mikononi.

Au tazama Komoro, ambako wanasema lugha ambayo sisi tukiisikiliza vizuri tunaitambua kama binamu. Kwa muda mrefu kila mtu alijua kwamba Kimalagasi kina asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, lakini waliochimba Madagaska kwa miongo mingi, wakihesabu vyungu, hawakupata alama ya kuaminika ya wageni hao. Mwaka 2016 Alison Crowther na wenzake wakachapisha matokeo ya mbegu. Huku pwani ya bara na visiwa vyake, mazao ya Kiafrika yalitawala: mtama, uwele, ubuyu. Komoro na Madagaska, mpunga wa Asia na choroko. Mstari ulikuwa umechorwa baharini muda wote huo na vyungu havikuuona. Na ilishangaza kuwa alama hiyo ilikuwa nzito hata Komoro, ambako hakuna lugha ya Kiasia iliyobaki. Rudi sasa kwenye kunde na choroko zilizovuliwa ngozi, uone uzito wa mtu kuzitofautisha.

Nikupe na Kakapel, pango lililo magharibi mwa Kenya karibu na mpaka wa Uganda. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 ulionyesha kunde iliyopimwa umri yenyewe, miaka kama 2,300. Mtama na ulezi walikuja baadaye. Na katikati ya hayo, njegere moja iliyoungua. Hakuna aliyekuwa akiitegemea huko. Ethiopia inayo njegere yake ya kienyeji, tofauti na hii ya sokoni. Kwa hiyo swali la haraka ni hilo, ni ya wapi? Jibu linategemea nani ana njegere ya Ethiopia iliyochomwa kwenye kichupa, ya kuweka pembeni.

Najua pingamizi zinazokuja, nimezisikia vikaoni. La kwanza linasema tusijisumbue, vinasaba vitatatua yote. Havitatatua. Mbegu iliyogeuka mkaa mara chache sana hubaki na vinasaba vinavyosomeka. Moto uleule uliookoa umbo ndio ulioharibu barua iliyokuwa ndani. Na tuache kidogo ulevi huu wa vinasaba. Mwaka 2023 ulipochapishwa utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa kale, wengi wao wakiwa wa miji ya pwani, mitandao iliwaka moto kwa sababu sehemu ya ukoo wa kiume ilionekana kutoka Uajemi. Wachache walisoma sentensi iliyokuwa hapohapo, kwamba upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika kwa sehemu kubwa. Upande wa mama ndio uliokuwa jikoni. Ukitaka kujua mama huyo aliishi vipi, hutaikuta habari yake kaburini kwa mume wake.

La pili linasema punje zinapelekwa nje kwa sababu huko ndiko zilipo mashine za kupima umri. Hilo ni kweli nusu, na nusu yake nyingine ndiyo hatari. Kupima umri ni lazima, na kupima punje yenyewe, wala si udongo uliokuwa jirani yake. Mwaka 1979 jarida la Science lilitangaza shayiri ya Wadi Kubbaniya, Misri, yenye miaka zaidi ya 17,000, na dunia ikashangilia kilimo cha kale kuliko vyote. Punje zenyewe zilipokuja kupimwa, hazikufika hata miaka 5,000. Zilikuwa zimeshuka kwenye tabaka la chini, kama mbegu zinavyoshuka kila siku kwenye mashimo ya panya, nyufa na mizizi. Kwa hiyo ndiyo, pima. Ila punje ikipimwa haipo tena. Inachomwa mara ya pili, inageuzwa hewa, na kinachorudi ni namba. Aliyeitazama kabla ya hapo ndiye shahidi wa mwisho. Ikiwa alitazama bila kuwa na cha kulinganishia, ushahidi umekwisha na kesi imefungwa.

La tatu ni fedha. Hili linanikera zaidi, kwa sababu niliambiwa na mkubwa mmoja niliyekwenda kumwomba ushauri: chagua vyungu, mbegu hazina ajira. Fedha gani? Mbegu zipo. Arusha kuna benki ya taifa ya mbegu, na Kenya wanayo Muguga, na ndani yake kuna mtama, uwele, ulezi na kunde zilizokusanywa kijiji kwa kijiji, zenye majina na mahali zilipotoka. Hifadhi za mimea iliyokaushwa tunazo pia, Dar es Salaam na Nairobi, ingawa zilijengwa kwa ajili ya maua na majani na mara nyingi mbegu iliyokomaa haimo. Kinachotakiwa ni punje 10 za kila aina, karatasi ya alumini, kopo lenye mchanga na tanuri la maabara lenye kipimajoto, nyuzi 250 kwa saa kadhaa. Kisha kichupa, lebo, picha, na kabati isiyovuja. Gharama yake haifiki nauli ya ndege ya mtu mmoja anayesafirisha makaa yetu kwenda kutambuliwa.

Na tusisahau kwamba jibu linaweza kuwa limelala kwenye stoo. Mashariki mwa Sudan, karibu na Kassala, vigae vilivyochimbwa miaka ya 1980 vilikaa miongo mitatu kabla ya mtu kuvitazama kwa jicho la mkulima. Wafinyanzi walikuwa wamechanganya makapi kwenye udongo, na makapi yakaacha alama. Mwaka 2017 ikaonekana ni mtama ulioanza kufugwa na mikono ya watu, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, ushahidi wa kale kuliko wote unaojulikana wa zao hilo kulimwa. Alama iliyowaambia ni ndogo sana. Mtama wa porini huachia punje zake wenyewe na kuacha kovu laini. Wa shambani hung'ang'ania suke mpaka upurwe, na kovu lake lina mchaniko. Vigae vile vilikuwa vikihesabiwa kama vigae.

Mimi nimeanza na ninachokiweza. Nina vichupa 64 kwenye sanduku lililokuwa la viatu, na hadubini ya kuazima. Mtama wa aina 9, uwele wa 5, ulezi kutoka Rukwa na Kilimanjaro, mpunga wa Pemba na wa Kyela, ubuyu, mgagani, mnavu, na magugu ambayo bado natafuta majina yake ya Kilatini ingawa ya Kigogo ninayo yote. Kiduha kinanishinda, mbegu zake ni ndogo kama vumbi na hupita kwenye kitambaa changu. Nusu ya mkusanyiko ametuma bibi yangu kwa basi, katika mifuko ya sukari iliyofungwa kwa fundo. Mara ya kwanza alipiga simu kuuliza kama ninataka mbegu za kupanda au za kula. Nikamwambia za kuchoma. Alikaa kimya kidogo. Kisha akauliza kama nataka pia zile zilizotobolewa na fukusi na zile zilizovunwa mbichi kwa sababu ya njaa, maana nazo, mjukuu wangu, huwa zinaungua.